Saa Yenye Ndimi Mbili

Nilipoolewa Tumbe nilijua kwamba naolewa na mchuuzi wa samaki. Hilo niliambiwa wazi, na harufu ya samaki haikunitisha, nimekulia ndani yake. Nisichoambiwa ni zile saa. Fungate lilipokwisha nikafungua mlango wa chumba cha nyuma ili nifagie, nikakuta saa chungu nzima zimepangwa juu ya rafu, juu ya sanduku na chini sakafuni. Saa za kale za mbao, nene, zile za kuweka juu ya kabati. Nyingine zina nguzo mbavuni, nyingine vioo vyake vimechorwa maua, nyingi zimekufa na chache zinahema. Nikamwuliza, "Za nani hizi?" Akanijibu, "Sasa ni zako pia." Nikamwambia mimi nilikubali kuolewa peke yangu, habari ya wake wenza sikupewa. Akacheka hata akakaa kitako.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Zinapanda upesi na kushuka upesi, na mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa bado mbichi, zilikuwa zikipanda zaidi kuliko kushuka. Saa zile zilinichosha. Mume wangu alikuwa akitoka asubuhi na baiskeli, kapu la samaki nyuma, anazunguka mashamba ya ndani ambako watu wana karafuu lakini hawana pwani. Samaki wakiisha, wachuuzi wenzake wanarudi na makapu matupu, yeye anarudi na saa. Kule kwenye majumba makubwa ya mashamba, mwenye nyumba akifa, warithi hugombania mikarafuu na vitanda, na saa iliyosimama zamani haitakiwi na mtu. Wanamwambia, "Chukua, tupunguzie takataka." Anaifunga gunia, anaitia kapuni, anaondoka nayo kama aliyepewa mtoto. Ikifika kwangu inanuka ng'onda, samaki mkavu. Nimepata kuona saa iliyokuwa ikitazamwa na mabwana wakubwa inatolewa kapuni na magamba ya changu usoni.

Ndani yake mlikuwa na kila kitu isipokuwa wakati. Mayai ya mjusi, mende, udongo wa mchwa, kutu ya chumvi. Na mafuta ya nazi. Watu wetu saa ikiwasimamia wanaitia mafuta ya nazi, ndiyo dawa ya kila kitu, ya nywele, ya viungo na ya saa. Mafuta yale yakikaa yanaganda, yakawa gundi. Basi mume wangu anaifungua kipande kwa kipande juu ya mkeka, anavikosha vyote kwa mafuta ya taa, anaisugua shaba kwa ndimu na majivu, halafu anachukua unyoya wa kuku, anachovya ncha yake katika mafuta ya cherehani na kugusa kila kitundu. Mafuta hayo ya cherehani yalikuwa yangu. Nilikuwa nashona nguo za watu, na kila nikinyanyua kichupa changu nakikuta chepesi. Nampigia kelele mpaka jirani anakohoa. Yeye anasukuma gurudumu kwa kidole na kuniambia, "Hebu njoo utazame." Nami naenda kutazama. Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu huwezi kukitazama kitu kilichokufa kikivuta pumzi ukaendelea kununa.

Nikazipenda, kwa shingo upande kwanza, halafu waziwazi. Nikajua ipi inakohoa kabla ya kupiga na ipi inataka kuinuliwa ubavu kwa kipande cha kadibodi. Nikawa mimi ndiye ninayemkumbusha kuzitia ufunguo.

Alikuwa na neno lake moja ambalo alikuwa akilisema kila saa ikipona: "Saa haitakiwi kuwa na ndimi mbili." Nalieleza kwa sababu ndilo lililotutia matatani. Saa zile kengele yake ina gurudumu la peke yake, limechongwa mapengo. Linapiga moja, halafu mbili, halafu tatu, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili, kisha linaanza upya. Mishale iko wapi, lenyewe halijui. Mtu akiichezea mishale vibaya, kengele inaachana nayo: mishale inaonyesha tatu, kengele inapiga nane, na kila mmoja anashika njia yake. Mume wangu hilo lilikuwa likimwumiza. Nyumba nyingine zilikuwa zikiweka mishale kwenye kumi na mbili jua likizama, kwa desturi yetu, nyingine zikifuata saa za afisini, ambazo jua likizama mishale iko kwenye sita. Yeye hakujali, kila nyumba na desturi yake. Alichotaka ni kengele iseme kile kile mishale inachoonyesha. Kwa hiyo kazi yake ya mwisho katika kila saa ilikuwa kuzisuluhisha hizo mbili.

Sasa niwaambie habari ya bibi yangu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa akikaa Msuka, nyumba ya pembeni iliyozungukwa na mihogo, msikiti uko mbali. Siku zile adhana ilikuwa ya mdomo mtupu, na mpaka upepo uwe upande wake ndiyo aisikie. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho tangu mimi sijavunja ungo. Babu alikuwa ameshafariki. Bibi akabaki peke yake humo, na binti wa jirani akimletea maji. Mengine yote akiyafanya mwenyewe: kupika, kufagia, kufua, kukuna nazi. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wote, na tangu niolewe akisema nimemsaliti babu yangu kwa mchuuzi wa samaki.

Kilichomwezesha kuishi vile ilikuwa saa. Babu aliinunua zamani kutoka nyumba ya shamba moja, saa nyeusi ya mbao yenye kioo cha maua, ikawekwa ndani ya daka la ukutani, ukumbini. Bibi awe amesimama au amekaa, ikianza kupiga ananyamaza na kukunja vidole. Ikipiga kumi na moja za alfajiri anaamka, anatawadha, anasali, anafagia uwanja. Ikipiga tano anabandika chungu cha mchana. Ikipiga kumi anateleka chai, kwa sababu babu alikuwa mpima karafuu katika bohari na bohari lilikuwa likifungwa wakati ule. Babu alikwisha kufa, lakini chai ya saa kumi haikufa. Ijumaa, baada ya kukoga, anaitia ufunguo kwa kupapasa. Na chini ya saa ile kulikuwa kunaning'inia uzi mweusi wenye fundo, ule uzi wa kushonea kofia. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa, nasi hatukuugusa, wala hatukuuliza.

Siku moja kengele ikanyamaza. Saa inatembea, ta, ta, ta, lakini haipigi. Mjomba wangu, mtoto wa kiume pekee wa bibi, alikuwa karani Chake Chake, na alikuwa amemtaka mamake ahamie kwake tangu zamani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiogopa moto: mama haoni, mafiga yanawaka, nyumba ya makuti. Akaja Msuka akamwambia, "Mama, saa ndiyo ilikuwa macho yako, nayo imekufa. Twende."

Bibi akamwambia, "Haijafa, imeugua. Mkwe wenu wa Tumbe si ndiye tabibu wa saa? Atazame. Ikipona nabaki nyumbani kwangu. Isipopona nitapanda gari nikufuate, wala hutasikia neno langu."

Mjomba akakubali mbele ya watu. Nyumba ile bibi aliijenga na babu, akazalia humo na kuzika akitokea humo. Kuhamia Chake Chake kwake ilikuwa ni kwenda kukaa juu ya kiti cha mtu mwingine mpaka siku yake. Tulijua sote.

Mume wangu aliileta saa ile Tumbe amepanda baiskeli polepole, na safari hiyo kapu alilikosha kwanza. Sijapata kumwona anafanya kazi kwa adabu vile. Akakuta utepe wa chuma unaosukuma kengele umekatika ncha. Akauchoma kwa mkaa mpaka ukawa mwekundu, akautoboa tundu jipya, akaurudisha. Akakosha magurudumu yote. Ule uzi mweusi akaukuta umefungwa kwenye kiwaya kinachoachia kengele. Akatikisa kichwa, "Babu wa watu alikuwa akifunga funga na nyuzi," akaufungua na kuutia katika mkebe wake wa vikorokoro. Mwisho akatazama mishale, akasikiliza kengele, akakuta zimeachana, tena zimeachana mbali. Akazisuluhisha. Akaniita nisikilize: mishale kwenye tisa, kengele ikapiga tisa, sauti nzuri kama ya bakuli la shaba. Tukacheka kwa furaha. Nilimpa chai yenye maziwa siku hiyo.

Kesho yake akaipeleka Msuka akiwa na samaki kapuni, na samaki hawangoji mazungumzo. Akaiweka dakani, akaitia mwendo, akamwachia bibi aipapase. Bibi akauliza, "Na uzi wangu?" Mume wangu akamjibu, "Hauhitajiki tena, Bibi. Imepona kabisa." Bibi akaurudisha mkono. Fundi amesema imepona, yeye nani wa kubisha. Mume wangu akapanda baiskeli kabla kengele haijapiga hata mara moja.

Haukupita muda habari zikaanza kutufikia, nazo zilikuja kwa wachuuzi, maana samaki na maneno huenda kapu moja. Bibi wa Msuka anafagia uwanja usiku. Mnaujua wenyewe uzito wa neno hilo kwetu Pemba. Kufagia usiku tu ni kutoa riziki nje. Ajuza kutoka na ufagio watu wamelala, kasimama uwanjani peke yake, hilo wala halisemwi kwa sauti. Majirani wakaanza kuvuta milango. Mama wa yule binti wa maji akamkataza mwanawe kwenda mpaka jua lipande. Wengine wenye huruma wakasema, hapana, si uchawi, ni uzee. Wamemkuta anakula wali wa mchana asubuhi na mapema. Wamemkuta anatandika kitanda alale, na jua liko utosini.

Mjomba akapata habari. Akatuma neno kwamba atakuja na lori kumchukua mama. Alipita kwetu Tumbe kabla ya siku yenyewe, akakaa barazani, hakunywa hata maji. Akasema, "Ahadi naikumbuka. Saa imepona. Lakini aliyeharibika..." Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na machozi yalikuwa yanamlenga, nami kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma badala ya kumkasirikia.

Nikaenda Msuka siku ya kuhama, mapema, nimsaidie kufunga vyombo. Nikapiga hodi, akaniitikia kwa sauti ndogo. Hakuniita mke mwenzangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi haizungushi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Asubuhi hii au jioni?"

Nikamwambia asubuhi.

"Mjomba wako yule asema kweli," akaniambia. "Akili imenitoka. Mie naamka kusali alfajiri, nasali, nafagia, nangoja jua, jua halichomozi. Nikasema jogoo wa siku hizi wavivu. Nikasema kuna mawingu. Kumbe ni mie. Jua likitoka kengele yaniambia adhuhuri, na mwili waniambia asubuhi. Nani niamini? Saa imepona, fundi kasema. Basi mgonjwa ni mie." Kisha akasema jambo lililomwuma kuliko yote. "Alfajiri zimenipita, mwanangu. Tangu nilipobaleghe haijanipita alfajiri ila kwa udhuru. Sasa zanipita nikiwa macho."

Nikainuka nikaanza kufunga masufuria kwa hasira, nimemkasirikia uzee, nimemkasirikia Mjomba, nimeyakasirikia masufuria. Adhuhuri nikampikia muhogo, tukala. Tulipokuwa tunanawa, saa ikapiga. Ngan, ngan. Bibi akakunja vidole viwili.

"Mbili," akasema. "Mbili ya asubuhi au ya usiku?"

Nikamjibu bila kufikiri, naendelea kupangusa sinia, "Nane hiyo, Bibi. Adhuhuri tumeshaisali. Mbili ni kwa mishale."

"Mishale ni ya babu yako," akasema. "Kengele ni yangu. Na kengele yangu haijapata kusema Kizungu."

Nikaliweka sinia chini. Nikamwambia, Bibi, hebu rudia.

Akanieleza, naye anashangaa kwamba nahitaji kuelezwa. Macho yalipomfunga, babu alikuwa kazini kwenye lile bohari, na saa hii ilikuwa ikienda kwa saa za afisini, mishale ilingane na ya mkubwa wake. Yeye bibi anasikia kengele yapiga nne, naye hajui kwamba ndiyo kumi. Babu akamfundisha ajumlishe sita. "Nikamwambia mie si mpima karafuu, sijumlishi kitu. Saa ikitaka kusema nami iseme kama watu." Wakagombana siku kadhaa. Halafu jioni moja babu akaifungua saa, akafunga uzi wa kofia kwenye kile kiwaya, uzi alioutoa katika bweta la bibi mwenyewe, akavuta na kuvuta, kengele inapiga na kupiga, mpaka ikafika pale ambapo mishale inasema nne nayo inasema kumi. Akamwambia, "Mishale yangu, kengele yako." Tangu siku hiyo, ikitokea imesimama ikaachwa nyuma, bibi anavuta uzi wake mpaka irudi anapotaka. Ndiyo maana uzi.

Na sisi sote tumekulia humo tusijue. Nani angejua? Sisi macho yetu yanaona nne na ulimi unasema kumi, tangu tumefunzwa kuitazama saa. Kengele ikipiga kumi na mtu akisema ni saa kumi, utashangaa nini? Saa ile ilikuwa na ndimi mbili kwa makusudi, na fundi wangu, kwa usafi wa kazi yake, alikuwa ameukata ulimi wa bibi.

Nikamwambia, "Bibi, akili yako iko pale pale. Kilichohama ni kengele." Hakuniamini mara moja. Ilinibidi nimpitishe katika siku nzima, kengele kwa kengele: ile kumi na moja aliyokuwa akiamkia ilikuwa ya saa tano za usiku, ile saba aliyokula nayo wali wa mchana ilikuwa saa moja ya asubuhi. Akawa anakunja vidole na kukunjua. Hatimaye akavuta pumzi ndefu, akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia kimya kimya. Nami nikalia kwa sauti, maana mimi kimya siwezi.

Mjomba alifika na lori wakati wa alasiri, na vijana wawili. Nikamweleza mlangoni. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mwanamke aliyetoka kulia. Akasema, "Sawa mwanangu," akawaashiria vijana, nao wakatoa kitanda cha bibi, kile cha besera na nguzo zake alichozalia watoto wake, wakakipandisha garini na kukifunga kwa kamba za usumba. Bibi amekaa, anasikia kitanda chake kinavyogonga mlango kikitoka. Nilitaka kumvaa mtu.

Kwa bahati aliyefika wakati huo ni mume wangu, ametoka mashamba, kapu tupu. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani na maneno yangu yote, na sitayaandika hapa. Kengele ndiyo kwanza imetoka kupiga nne. Alisimama mbele ya lile daka. Hakujitetea. Alitazama mishale, akamtazama bibi, akaniuliza polepole, "Makusudi?" Nikamwambia, "Makusudi." Akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika miguu. "Bibi, niwie radhi. Nilimkosoa mtu aliyekuwa fundi kuliko mimi."

Bibi akamwambia, "Uzi wangu uko wapi, weye muuza vibua?"

Mume wangu hatupi kitu kilichotoka ndani ya saa, hata mguu wa mende anaufikiria. Akatoa ule mkebe katika mfuko wa baiskeli, na uzi ulikuwamo, na fundo lake. Akaufunga pale pale ulipokuwa. Kisha akaushika mkono wa bibi, akamtia uzi vidoleni. "Vuta mwenyewe."

Bibi akavuta. Saa ikapiga tano. Mjomba, aliyekuwa mlangoni anahimiza watu, akageuka. Bibi akavuta tena, ikapiga sita. Akavuta, saba. Mkono wake mwingine unakunja vidole, midomo inakwenda. Nane. Tisa. Vijana wa lori wakaacha kamba wakaja kuchungulia dirishani. Akavuta tena, ikapiga, ikapiga, ikafika kumi, ikanyamaza. Bibi akauachia uzi.

"Basi," akasema. "Hapo. Saa kumi hiyo, alasiri imeingia, na mie sijasali, mmenijazia nyumba."

Mjomba akatazama saa yake ya mkono. Halafu akaja mpaka dakani, akaiinamia ile mishale, akaitazama, akatazama tena mkononi kwake. Alikuwa akifanya kazi Unguja mwaka ule macho ya mamake yalipofungwa, kwa hiyo naye hakuwahi kujua. Mume wangu, ambaye ufundi ulikuwa bado unamwasha, akasema kwa upole, "Bibi, naweza kuirudisha mishale nayo, ifuate kengele yako. Hakuna tena mwenye haja na saa za afisini humu ndani. Itasema neno moja."

"Usiiguse," bibi akasema. "Ile si yangu."

Mume wangu akafunga kioo. Nilimwona anavyokifunga, kwa kidole gumba, polepole, asije akakitikisa kitu. Mjomba akatoka, na tukamsikia huko nje anawaambia vijana wafungue kamba, wakirudishe kitanda cha mama pale pale kilipokuwa, na wasikwaruze mlango.

Bibi alikuwa ameshainuka, anapapasa ukuta kwenda jikoni. Akasimama kizingitini, akageuka upande wangu.

"Mke mwenzangu," akaniita. "Nitazamie. Mishale yake yasemaje?"

"Nne, Bibi," nikamwambia. "Nne na kidogo."

"Basi keshatoka kazini," akasema, akaenda kuteleka chai.